Agosti Ni Likizo ya Nani?

Wiki jana nilikuwa natafuta kalamu pale kwa kibanda cha mama, nikafungua ile daftari yake ya madeni. Katikati kulikuwa na karatasi imekunjwa. Juu ameandika MOMBASA kwa herufi kubwa, akapiga mstari mara mbili. Chini yake: nauli watu 5, kwenda na kurudi. Chumba siku 3. Unga kilo 4. Mafuta ya kupika. Majani na sukari. Sabuni ya kufua. Mwiko. Meko ndogo ya gesi. Sufuria 2.

Kwanza nilicheka. Halafu nikarudi kwa zile sufuria nikaacha kucheka. Huyu mama anaota likizo, na hata ndani ya ndoto yake mwenyewe bado yeye ndiye anapika.

Mama yangu anauza mboga Kayole. Saa kumi alfajiri ako njiani kwenda Marikiti, saa moja sukuma iko mezani, saa tatu usiku ndiyo anafunga. Tangu nikiwa darasa la nne amekuwa akituambia, "Agosti hii tutaona bahari." Mwaka mmoja karo ikala pesa. Mwaka mwingine kukawa na matanga ushago. Mwingine baba akawa mgonjwa. Safari hii naona haongei kwa mzaha, na sababu iko wazi. Dada yangu yuko kidato cha nne. Kitinda mimba wetu yuko gredi ya 9, Januari anaenda sekondari ya juu, na huenda ikawa ya bweni. Hii ndiyo Agosti ya mwisho sisi wote tukiwa chini ya paa moja, na ni wiki 3 tu.

Kwa hivyo nikaanza kusoma. Niliacha chuo lakini sikuacha kusoma, hiyo mnaijua. Nilitaka kujua kitu kimoja: hii likizo ya Agosti ilitoka wapi, na iliwekewa nani?

Tuanze na kalenda yenyewe. Mwaka wetu wa shule una mihula mitatu, na mapumziko Aprili, Agosti, na ile ndefu ya Novemba na Desemba. Mpango wa mihula mitatu tuliurithi kwa Waingereza. Kwao mapumziko ni ya Pasaka, ya kiangazi na ya Krismasi. Agosti kule ni jua, watoto wanatoka nje kaptula na kofia. Sasa hebu angalia Agosti ya Nairobi. Ni baridi ya sweta mbili, mawingu asubuhi mpaka saa sita, nguo hazikauki kwa kamba. Watoto wako ndani, wana njaa kila saa, na unga wa wiki mbili unaisha kwa siku tano. Na mama ndiye anajua umeisha.

Lakini tusidhani basi kule kwa wenye kiangazi akina mama walikuwa wanapumzika. Hapo ndipo nilipata kitu kilichonishtua.

Upande wa mashariki wa London, mtaa wa watu wa mkono, kulikuwa na desturi iliyofika hadi miaka ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwisho wa Agosti na Septemba, maelfu ya akina mama walikuwa wanachukua watoto wao na kwenda mashambani Kent kuchuma hops, ule mmea unaotiwa kwenye bia. Baba alibaki mjini kazini, akiwatembelea wikendi. Familia zililala kwa vibanda vya mabati au mbao, godoro likiwa ni gunia lililojazwa nyasi kavu. Mchana kutwa mama anachuma, jioni anapika nje kwa moto wa kuni. Watoto wengine walikosa hata siku za kwanza za shule kwa sababu mavuno hayakuwa yameisha. Na watu wenyewe waliita hiyo likizo. Hawakuwa wanadanganya. Hewa ilikuwa safi, watoto walicheza, na mama alipata pesa kidogo za kununua viatu vya baridi. Machine zilipoingia shambani miaka ya 1950 na 1960, desturi ikaisha.

Unajua walikuwa wanabeba nini kutoka London? Masanduku ya vyombo, na sufuria zikiwemo. Nilisoma hiyo nikamwona mama yangu na karatasi yake.

Mwaka 1938 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya likizo yenye malipo, na wafanyakazi wengi wakaanza kupata wiki moja ya kupumzika huku mshahara ukiingia. Ilikuwa hatua kubwa, vyama vya wafanyakazi viliipigania kwa miaka. Lakini angalia imeandikiwa nani: mwenye ajira. Yule aliyekuwa anapika, anafua na kulea hakuwa na mwajiri, kwa hivyo hakuwa na likizo. Bwana akipumzika wiki moja, bibi anapika wiki hiyo hiyo, pengine hata zaidi kwa sababu bwana ako nyumbani mchana.

Sasa turudi nyumbani. Nairobi ya mkoloni haikujengewa familia. Ilihitaji mwanaume Mwafrika aje peke yake, afanye kazi, alale kwa kitanda kimoja kwenye chumba cha watu kadhaa, mwishowe arudi reserve. Mshahara wake ulipigiwa hesabu ya mtu mmoja. Hii si maneno ya vijiweni. Mwaka 1954 kamati ya serikali ya kikoloni yenyewe kuhusu mishahara ya Waafrika, ile iliyoongozwa na Carpenter, ilikubali kwamba kiwango cha chini cha mshahara kilihesabiwa kwa mwanaume asiye na familia, ikapendekeza kisogezwe polepole kifike cha kulisha mke na watoto.

Hebu kaa na hiyo dakika moja. Kama mshahara wa baba ulikuwa wa tumbo moja, ni nani alikuwa analisha yale matumbo mengine? Ni mama, kwa jembe, kule kijijini. Kazi yake ndiyo ilifanya mwajiri wa mjini aweze kulipa kidogo. Reli, viwanda na ofisi zilikuwa zinapata ruzuku kutoka shamba la mahindi la mwanamke, na jina lake halikuwa kwa kitabu chochote cha mishahara.

Uhuru ulikuja, lakini vile vyumba havikupanuka. Babu yangu alifanya kazi ya reli na alikaa Muthurwa. Mama ananiambia walipokuwa wadogo, miaka ya themanini, Agosti ndiyo ilikuwa ya kuenda Nairobi kumwona baba yao. Shosho anapanga watoto wanne kwa basi kutoka Murang'a, na gunia la viazi vitamu na mahindi mabichi. Wanalala chumba kimoja wiki mbili. Watoto wanaona magorofa. Shosho anafua nguo zote za babu za miezi minne, anashona zilizoraruka, anapika, kisha anarudi kuvuna. Niliuliza mama kama shosho aliwahi kuona hayo magorofa. Akafikiria kidogo akasema, "Alikuwa anayaona akienda mfereji kuchota maji."

Sisi tulizaliwa mjini, basi likageuka. Sasa watoto wanatolewa Nairobi kupelekwa ushago Agosti. Wengi wenu mnakumbuka, mnapakiwa kwa matatu na begi moja na mkate wa shosho. Tuliona ni raha. Lakini kazi haikuisha, ilihama tu kutoka kwa mama mmoja hadi kwa mama mwingine, mzee zaidi.

Na sheria yetu? Hapa ndipo nilikasirika kabisa. Sheria ya Ajira ya 1976 ilimpa mwanamke aliyeajiriwa miezi miwili ya uzazi akiwa na mshahara. Vizuri. Ila ilisema akichukua hiyo miezi miwili, anapoteza likizo yake ya mwaka huo. Yaani kwa sheria ya Kenya, kuzaa mtoto na kuamka usiku mara tano kulihesabiwa kama umepumzika. Hiyo ilikaa hadi Sheria ya Ajira ya 2007, iliyoanza kutumika 2008, ikaweka miezi mitatu na kusema wazi kwamba mwanamke hatapoteza likizo ya mwaka kwa sababu ya kuzaa. Mimi nilizaliwa kabla ya hiyo. Si mambo ya kale.

Na hata hiyo inamsaidia aliyeajiriwa. Baba yangu ni soja wa usiku, ana haki ya siku 21 kwa mwaka. Akizipata analala, na anastahili kulala. Mama mboga hana siku 21. Hana hata moja.

Mtasema hizo ni hadithi za nyumbani kwetu. Basi chukua takwimu. Shirika la takwimu la taifa, KNBS, lilipima vile Wakenya wanatumia saa zao mwaka 2021, ikaonekana wanawake wanatumia karibu mara 5 ya muda wa wanaume kwa kazi za nyumba na malezi zisizolipwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona. Zilifungwa Machi 2020. Ndugu yangu akiwa gredi ya 4 alirudi Oktoba, mimi wa kidato cha tatu na dada yangu tukakaa hadi Januari 2021. Miezi tisa! Nchi nzima ilikuwa inaongea kuhusu masomo yaliyopotea. Mama yangu alikuwa anauza mboga na barakoa, anarudi kusimamia masomo ya redio, anapikia watu watano mara tatu kwa siku. Nilikuwa na miaka 17, mikono yangu ilikuwa mizima, na nilikuwa naketi nikingoja sahani. Hiyo siwezi kuiweka kwa mkoloni.

Hata ule mjadala wa tuisheni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilipiga marufuku tuisheni ya likizo, na mimi naiunga mkono, watoto wapumzike. Lakini wazazi wengi hawakuwa wanalipa ile pesa kwa sababu ya hesabu na sayansi tu. Walikuwa wanalipa ili mtoto awe mahali salama saa mbili mpaka saa tisa, wao wakitafuta. Tuliondoa tuisheni na hatukuweka kitu mahali pake. Hakuna uwanja, hakuna maktaba ya mtaa, hakuna mtu wa kuwaangalia. Serikali ikisema "watoto wako likizo," inamaanisha "mama, wako wako."

Basi nikajiona nimeelewa. Nikamwendea mama nikamwambia, "Mama, wewe enda Mombasa na wenzako wa chama. Sisi tubaki. Upumzike na sisi pia."

Aliniangalia vile anamwangalia mteja anayetaka nyanya tano kwa shilingi kumi.

"Nani amekwambia nimechoka na nyinyi?"

Nikanyamaza.

"Bahari nimeiona kwa TV. Mimi nataka kuwaona nyinyi mkiiona. Huyu mdogo akienda bweni, atakuwa ananiletea tu nguo chafu. Mimi nataka siku tatu nikae chini, na nyinyi mko hapo."

Hapo ndipo nilijua nilikuwa nimesoma vizuri na bado nimekosea. Nilidhani dawa ni kumtenga na watoto. Hao watoto hawajawahi kumchosha kama kazi inayokuja nao, na hiyo kazi inaweza kugawanywa. Wale akina mama wa London naona walikuwa vivyo hivyo, na shosho pia. Walipenda kuwa na watoto wao. Kitu hawakupata ni mtu wa kushika ule mwiko.

Kwa hivyo karatasi tumeiandika upya, sisi watano mezani. Sufuria zimebaki, kwa sababu kula hotelini watu watano siku tatu hatuwezi, tusidanganyane. Lakini mbele ya kila kitu sasa kuna jina. Chai asubuhi, mimi. Ugali na samaki, mimi na ndugu yangu. Vyombo, dada, ila siku moja nitamshikia asome. Kufua, baba. Alisoma jina lake mara mbili, akakohoa, akasema ataomba siku zake ziingie Agosti. Mbele ya jina la mama hakuna kitu. Alijaribu kuandika "kununua mboga" tukamnyang'anya kalamu.

Pesa bado hazijafika. Treni peke yake, daraja la kawaida, ni 1,500 kwa mtu, kwa hivyo nauli ni 15,000 kwenda na kurudi, na chumba hatujalipa. Pesa ya video zangu za mwezi huu inaingia hapo. Ikikosekana tutalala siku mbili badala ya tatu.

Na wewe uliye nyumbani Agosti hii, mwenye miaka 15 au 25, usiandike ujumbe mrefu wa kumsifu mama. Uliza tu leo usiku nani anapika, kisha inuka kabla hajajibu.