Mkono mkubwa, bastola ndogo

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, mnisamehe. Programu ya mteja mmoja ilinibana. Leo sitaandika kuhusu PHP wala Linux. Naandika kuhusu mikono yangu.

Ni mikubwa. Kwenye laptopu ndogo nabonyeza herufi mbili kwa mpigo. Mwezi jana jirani yangu hapa Spring Valley, mzee mwenye leseni ya silaha, alinipeleka kwenye uwanja wa shabaha. Yeye alianza mazoezi ya dhati baada ya shambulio la Westgate, 21 Septemba 2013. Watu 67 waliuawa siku zile, na baadhi ya waliotangulia kuingia kuokoa wenzao walikuwa raia wenye bastola zao za leseni. Kutoka kwetu hadi pale ni mwendo mfupi tu.

Akanipa bastola ya zamani. Risasi ya tatu, nyundo ikarudi nyuma na kunifinya nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada. Damu!

"Kijana, mkono umeupandisha juu mno."

"Sasa mzee, niupeleke wapi?"

Nikarudi nyumbani kuchimba, mnajua tabia yangu. Kumbe tatizo ni la kale. Bastola ya John Browning iliyopokelewa na jeshi la Marekani mwaka 1911 ilirekebishwa miaka ya 1920: kifyatulio kikafupishwa kwa ajili ya wenye vidole vifupi, na ulimi wa chuma juu ya mpini, kwa nyuma, ukarefushwa ili nyundo isiume mkono. Toleo la pili, kasoro mbili zimeondolewa. Watu wa programu mnanielewa.

Mpini wake ulikuwa mwembamba kwa sababu risasi 7 zilipangwa safu moja. Browning alifariki 1926, na Mbelgiji Dieudonné Saive akakamilisha bastola iliyotoka 1935: risasi 13, safu mbili zilizopishana. Hapo mpini ukanenepa, heri kwangu, taabu kwa wenye mikono midogo. CZ 75 ya Chekoslovakia nayo ilipanga risasi hivyohivyo. Sisi tunaiita Ceska, jina lisilokosa kwenye habari zetu za polisi na mahakama.

Revolva ni rahisi zaidi. Risasi zinakaa kwenye gurudumu, kwa hiyo mpini unaweza kuuchonga upendavyo. Bastola ya magazini ina sanduku la risasi ndani ya mpini. Unaongeza kwa nje tu. Ndiyo maana Walther P99 ya miaka ya 1990 ilivutia: kipande cha nyuma ya mpini kilibadilishwa kufuata mkono. Glock walifanya hivyo 2010.

Kipimo ni hiki: kifyatulio kiguswe na ncha ya kidole, si kiungo. Mkono mkubwa kwenye mpini mwembamba huzamisha kidole, na risasi huenda kando. Kidole cha mwisho nacho kisining'inie hewani.

Pima kabla ya kununua. Kwetu bastola hainunuliwi kama simu. Kuna Bodi ya Leseni za Silaha, na Desemba 2018 hata wenye leseni waliamriwa kuhakikiwa upya. Kubadilisha si jambo la alasiri moja.

Jumamosi mzee ananiletea revolva. Kidonda kimeshakauka.