Aliyesoma "name" kama na-me alichelewa tu miaka mia sita

Wasee, wiki ijayo niko na pepa ya historia ya lugha ya Kiingereza. Hosteli nzima watu wanakariri miaka: 1066, 1362, 1476, 1755. Kuna wenye wameshaanza kuandika mwakenya kwa herufi ndogo kama chawa. Mimi hiyo orodha nimeiweka kando kwanza, kwa sababu swali kubwa la hii kozi ni moja: mbona Kiingereza kinaandikwa hivi na kutamkwa vile? Na hilo si swali la pepa peke yake. Kama umepitia shule ya msingi hapa Kenya, umewahi kuchekwa kwa ajili yake, ama ulikuwa kati ya waliocheka.

Si unajua vile huwa. Mtoto wa darasa la pili anasimama kusoma. Anaona "name", anasema na-me. "Time" inakuwa ti-me. Akifika kwa "knife" anasema k-ni-fe, na darasa linaanguka kwa kicheko. Shule moja niliyosoma, ungesimamishwa hivyo hivyo mpaka kipindi kiishe.

Sasa skia. Huyo mtoto angezaliwa London mwaka 1380, hakuna mtu angemcheka sana. Wakati huo K ya "knife" ilikuwa inasikika. "Name" ilikuwa na a ndefu kama ya "baa", na ile e ya mwisho ilikuwa bado inaguswa na wengi, ingawa ilishaanza kupotea. "Time" ilikuwa na i yetu hii ya "kiti", ila ndefu. Hata gh ya "night" ilikuwa sauti kamili, karibu na kh ya "kheri". Chaucer, yule mshairi aliyekufa mwaka 1400, alitunga mashairi yake yote na sauti hizo kichwani. Kwa hivyo mtoto wetu anasoma herufi vile zilivyokusudiwa. Amechelewa tu.

Kilichobadilika ni mdomo wa Mwingereza. Kati ya takriban 1400 na 1700, irabu zote ndefu zilihama. Mtaalamu wa Denmark, Otto Jespersen, ndiye aliupa huo mchakato jina, Mhamo Mkuu wa Irabu, mwaka 1909. Usikariri ule mchoro wa mishale, fikiria ngazi. A ndefu ya "name" ilipanda ikawa kama e. E ndefu ya "meet" ikapanda ikawa i. O ya "moon" ikapanda ikawa u. Zilizokuwa juu kabisa, i na u, hazikuwa na pa kupanda tena, zikavunjika vipande viwili: "time" ikapata ai, "house" ikapata au. Huko Uskoti u haikuhama, ndiyo maana mpaka leo kuna watu wa huko wanasema huus.

Shida ni kwamba katikati ya huo mhamo, mtu alileta mashine. William Caxton alijifunza kuchapa vitabu Cologne, akafungua karakana yake Westminster mwaka 1476. Uchapishaji unapenda herufi zitulie. Kwa hivyo tahajia ikaanza kuganda wakati sauti bado ziko njiani. Hata ile H ya "ghost" ilitokana na mazoea ya Kiflemi, kwa sababu Caxton alikaa upande wa Bruges miaka mingi kabla ya kurudi.

Kuna stori ya huyu Caxton naipenda kuliko zote. Aliisimulia kwa utangulizi wa kitabu alichochapa mwaka 1490. Wafanyabiashara walikwama mtoni Thames kwa kukosa upepo, mmoja akashuka akaomba mama mmoja amuuzie mayai. Akasema "egges". Mama akamjibu kwamba yeye hajui Kifaransa! Jamaa akakasirika, kwa sababu hata yeye Kifaransa hakijui. Ikabidi mwingine aseme "eyren" ndipo mama akaelewa. Wote ni Waingereza, manze, wote wanaongea Kiingereza. Neno la kaskazini, lililoletwa na Waskandinavia, lilishinda, na lile la huyo mama likafa. Hakuna aliyekaa kikao kuamua lipi ni sahihi.

Na mbona mama alifikiria Kifaransa? Hapo ndipo 1066 inaingia. Wanormani waliteka nchi, na kwa karne kadhaa Kiingereza kikawa lugha ya mfugaji na mpishi. Mwaka 1362 ndipo sheria iliagiza kesi zijadiliwe kwa Kiingereza, kwa sababu raia hawakuwa wanaelewa Kifaransa cha mahakamani. Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Hiyo ilinikumbusha Nairobi, Oktoba 1968, wakati Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ivunjwe ili fasihi ya Afrika ikae katikati. Waraka wao ulikuwa kwa Kiingereza. Siwacheki, ukitaka mwenye nyumba akuskie, unabisha mlango wake.

Lakini kama nitapewa nafasi ya mfano mmoja tu kwa hiyo pepa, nitachagua makosa ya wasomi. "Debt" ilitoka Kifaransa bila B yoyote. Watu waliosoma Kilatini wakaona neno la Kilatini lina B, wakaichomeka. Hiyo angalau ina ukoo. "Island" ni noma zaidi. Ni neno la Kiingereza cha kale kabisa, likiandikwa "iland" na kutosha. Wasomi wakadhani ni jamaa ya "isle", yenye asili ya Kilatini, wakaiongezea S. Si jamaa. Ilikuwa kosa la watu wenye digrii, na hiyo S haijawahi kutamkwa tangu iingizwe. Ukiisahau kwenye insha yako, unakatwa alama.