Kaya Kinondo: Msitu Uliosimama Juu ya Mwamba

Ndugu zetu wa Kinondo, mlio nyumbani na mlio Mombasa, Nairobi na Ghuba, mwaka huu tumeupa ukurasa wa historia Kaya yetu. Sababu mtaiona mbele.

Kaya Kinondo haizidi sana ekari 70, karibu na ufuo, kusini mwa Diani. Mgeni akiuona msitu ule na miti yake minene hudhani umeota juu ya udongo wenye rutuba. Sivyo. Chini yake ni mwamba wa matumbawe, yaliyokuwa hai baharini zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Udongo ni tabaka jembamba lililotokana na majani yaliyooza, na mizizi hujipenyeza kwenye nyufa za mawe kutafuta maji. Ukikata miti, mvua hukomba udongo huo, ukabaki na mawe, nyasi na miiba. Ndiyo maana kipande kikishakwenda hakirudi kwa kupanda miche msimu mmoja au miwili.

Mwamba huohuo umekuwa mali na balaa. Mababu zetu walichoma chokaa kwa matumbawe, na tanuu la chokaa hula magogo mengi. Boriti za nyumba zilitoka msituni na kwenye mikoko. Leo mawe ya kujengea yanachimbwa timboni, na ukitembea pembezoni mwa Ukunda utaona mashimo yaliyoachwa wazi. Basi msitu uliokaa juu ya mawe ya kujengea, tena hatua chache kutoka ufuo wa watalii, ulisalimikaje?

Wazee husimulia kwamba watu wetu waliotoka Shungwaya walijenga mji ndani ya msitu ili wajikinge na maadui, wakazika fingo lao humo. Hali ilipotulia watu walihamia mashambani, lakini makaburi na mahali pa kuombea vilibaki. Miiko nayo ikabaki: hukati mti, hutoi hata ukuni mkavu, na ukivunja mwiko unalipa faini ya mnyama. Wengi wetu ni Waislamu na tuna misikiti yetu, ila hata asiyekwenda Kaya kuomba anajua kwamba panga haliingii mle. Kwa maoni yetu sheria hiyo isiyoandikwa ilifanya kazi kubwa kuliko karatasi yoyote.

Karatasi zilikuja baadaye. Wataalamu wa mimea Robertson na Luke walizunguka misitu ya Pwani, na ripoti yao ya 1993 ikaonyesha jinsi kaya ndogo zilivyobeba mimea adimu. Kuanzia 1992 Serikali ilizitangaza kaya kuwa turathi za taifa chini ya Makumbusho ya Taifa. Mwaka 2001 wazee wa Kinondo walikubali wageni waingie kwa kiingilio, wakiwa wamefungwa kaniki kiunoni na kuongozwa na vijana wetu. Mwaka 2008 UNESCO iliziweka Kaya za Mijikenda, Kinondo ikiwamo, katika Turathi za Dunia. Mwaka uliofuata mila za kaya ziliingizwa katika orodha ya zile zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Orodha hiyo ya pili haisherehekewi sana, na tunaelewa kwa nini.

Jirani zetu wa Kaya Diani nao walikuwa na wazee na miiko, na bado msitu wao umemegwa kadiri bei ya ardhi ya ufuoni ilivyopanda. Mwiko humzuia anayeuamini. Anayenunua kiwanja akiwa mbali hausikii. Mbega hawana pa kuhamia. Wala tusisahau visima: kwetu hakuna mto, mvua hunywewa na mwamba na maji matamu hukaa juu ya ya chumvi. Pampu zikizidi, chumvi hupanda.

Kwa hiyo fungu moja la harambee ya mwaka huu ni la Kaya: kuweka alama za mpaka zinazoonekana, kuwalipa posho vijana wa doria, na kurekodi masimulizi ya wazee wetu wangali hai. Mchango wa Kaya uandikwe peke yake, usichanganywe na ule wa karo. Mweka hazina atatoa stakabadhi.