Bluu iliyochelewa miaka 31

Wiki mbili kabla ya sendofu ya dada yangu, Mama aliamua nyumba ya Mbezi ipendeze kwa nje. Zamani hili lilikuwa jambo jepesi. Unanunua globu zilizopakwa rangi, unazichomeka kwenye holda za barazani na juu ya nguzo za geti, sherehe ikiisha unarudisha zile za kawaida. Safari hii nikajitia mjuaji. Nikasema tuweke LED za kubadilika rangi, zinazoongozwa kwa simu, zikae hapo hapo mwaka mzima: siku za kawaida ziwe nyeupe, siku ya shughuli ziwe rangi ya sare. Na sare ya sendofu ilikuwa bluu.

Fundi alipochomeka ya kwanza nami nikabonyeza simu, ukuta mzima ukawa bluu. Mama akatazama weee, kisha akauliza: "Mbona zile za zamani bluu yake ilikuwa kama giza tu?"

Swali hilo ndilo lililonikalisha kwenye intaneti mpaka saa nane usiku, na nilichokuta huko ndicho nawaletea leo.

Tuanze na globu ya zamani. Ndani yake kuna waya unaopata moto mpaka unang'aa. Umeme mwingi unaishia kuwa joto, na katika mwanga mchache unaotoka, bluu ni kidogo mno. Ukiipaka globu hiyo rangi ya bluu huongezi bluu yoyote, unazuia tu rangi nyingine zisitoke. Yaani unalipia LUKU ya wati 60 halafu unapata giza lenye urembo. Mama alikuwa sahihi.

LED haina waya wa kuungua. Ni kipande kidogo cha semikondakta, umeme ukipita kinatoa mwanga, na rangi yake inatokana na kipande chenyewe kilivyotengenezwa. Mtu wa kwanza kuandika kuhusu jambo hili ni Mwingereza Henry Round, aliyekuwa akifanya kazi kwa Marconi. Mwaka 1907 alipitisha umeme kwenye karborandamu, lile jiwe gumu la kunolea vyuma, likawaka. Akaandika barua fupi kwenye jarida moja, akaendelea na shughuli zake za redio. Miaka ya 1920 Mrusi Oleg Losev akalichunguza suala hilo kwa makini zaidi kuliko mtu yeyote kabla yake. Alikufa kwa njaa mwaka 1942, Leningrad ikiwa imezingirwa na majeshi ya Hitler. Alikuwa na miaka 38.

Oktoba 1962 Nick Holonyak wa General Electric, Marekani, akawasha LED nyekundu, ya kwanza kuonekana vizuri kwa macho na ya kufaa kwa kazi. Mwaka 1972 aliyekuwa mwanafunzi wake, George Craford, akaleta ya njano. Kijani ikapatikana, ingawa hafifu. Ndiyo maana redio na saa za wazee wetu zilikuwa na vile vitaa vyekundu na kijani, basi.

Bluu ikagoma. Na bila bluu huna kitu, kwa sababu mwanga hauchanganywi kama rangi za maji tulizochezea shule ya msingi. Kwenye mwanga, nyekundu na kijani zinazaa njano, na ukitia bluu juu yake unapata nyeupe. Ukiwa na hizo tatu unaweza kutengeneza karibu rangi yoyote. Ukiwa na mbili unabaki na taa ya redio.

Tatizo lilikuwa kwenye kitu kinachoitwa galiamu naitraidi. Kwa hesabu za wanafizikia kilifaa kabisa kutoa bluu, lakini fuwele zake zilitoka na nyufa na kasoro tele, watafiti wengi wakakata tamaa wakahamia kwingine. Waliobaki nacho ni wachache. Katika Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, Profesa Isamu Akasaki na mwanafunzi wake Hiroshi Amano walipata fuwele safi mwaka 1986, na mwaka 1989 wakavuka kikwazo kingine kikubwa.

Wa tatu ndiye aliyenikosesha usingizi. Shuji Nakamura alikuwa mwajiriwa wa Nichia, kampuni ya kemikali katika mji wa Anan, mbali na Tokyo. Hakuwa na PhD wakati ule. Alimwendea mwanzilishi wa kampuni, mzee Nobuo Ogawa, akaomba fedha za kutafuta bluu, na mzee akamkubalia mamilioni ya dola. Nakamura akaenda Florida mwaka mmoja kujifunza kukuza fuwele, akarudi, akawa anaufumua mtambo wake asubuhi na kufanya majaribio mchana. Uongozi mpya ulipoingia ukamwamuru aache. Kwa simulizi yake mwenyewe, alipuuza maagizo hayo akaendelea. Mwishoni mwa 1993 Nichia ikatangaza LED ya bluu yenye mwanga mkali. Tangu ile nyekundu ilikuwa imepita miaka 31.

Sasa sikilizeni alicholipwa: yeni 20,000. Kama dola 200 hivi.

Mimi ni mwandishi wa kuajiriwa, najua habari ikiuza gazeti mwandishi anapata nini. Anapata "hongera" kwenye kikao cha asubuhi, na siku ikiwa nzuri sana, soda. Kwa hiyo Nakamura alipoishitaki Nichia mwaka 2001, akiwa ameshahamia California kufundisha, moyo wangu ulikuwa upande wake kabla sijamaliza kusoma. Januari 2004 mahakama ya wilaya ya Tokyo ikaona haki yake ni zaidi ya yeni bilioni 60. Kwa kuwa yeye alikuwa ameomba bilioni 20, ikaamuru alipwe hizo 20. Kampuni ikakata rufaa, na Januari 2005 wakamalizana kwa yeni milioni 843. Hakufurahi, na alisema hivyo hadharani.

Nikiwa nimetulia, lakini, nakubali kampuni ilikuwa na hoja. Fedha zilikuwa zake, na majaribio yangeweza kuishia patupu, mshahara wa Nakamura ukiendelea kutoka. Ila yeni 20,000? Hapana jamani. Mwaka 2014 Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Nobel ya fizikia kwa bluu hiyo. Holonyak wa nyekundu hakuwemo, na mzee huyo, aliyefariki mwaka 2022, alisema wazi kwamba ameona ni matusi.

Kutoka hapo mpaka barazani kwa Mama njia ni fupi. Mwaka 1997 vijana wawili waliosoma Carnegie Mellon, George Mueller na Ihor Lys, walianzisha Color Kinetics huko Boston. Walitia vitaa vyekundu, kijani na bluu kwenye taa moja na kuviongoza kwa kompyuta. Kila kitaa huwashwa na kuzimwa kwa kasi ambayo jicho haliioni. Kinachokaa muda mrefu kwenye "washa" ndicho kinachotawala rangi. Walijiwekea hataza, yaani haki ya kuuzuia ulimwengu usiwaige bila malipo, na mwaka 2007 Philips ikainunua kampuni hiyo kwa dola zipatazo milioni 790. Oktoba 2012 Philips ikaleta Hue kwa ajili ya nyumba za kawaida: globu tatu na kisanduku chake kwa dola 199. Leo Kariakoo unapata za kampuni usizozijua majina, na ndizo nilizonunua mimi.

Fundi alikuwa na neno moja, na nawashauri mlishike. Vile vikombe vya kioo vilivyofungwa pande zote, tulivyozoea juu ya geti, vinaua LED. Vifaa vyake vya umeme vimekaa kwenye kitako, joto halina pa kutokea, zinaungua mapema. Ukivifungua, mvua inaingia. Tukabadilisha taa nzima pale getini, tukaweka za kustahimili maji.

Sendofu ikapita, ukuta ukawa bluu, picha mmeziona. Kilichobaki ni swichi. Globu hizi zinataka swichi ya ukutani iwe ON muda wote, ukizima pale simu haizioni tena. Mama kazaliwa na kukulia kwenye "zimeni taa za nje, umeme unaisha". Fundi akaibandika swichi kwa seloteipu, akamwambia, "Mama, hii usiiguse, zima kwa simu." Mama akaitikia, "Sawa baba."

Asubuhi nimekuta seloteipu iko chini na swichi imezimwa.