Siku ya Baba: Binti Mdogo, Talaka na Undugu Usiokatika



Msimu wa harusi ukifika tunazungumza mahari, hina na nguo za kutokea. Leo nataka tuzungumze jambo ambalo bi harusi haambiwi na somo wake, kwa sababu hakuna anayependa kulitaja siku ya furaha. Wazazi wakiachana, mtoto wa kike anabaki vipi na baba yake? Si swali jipya. Waislamu wamelijibu tangu karne ya kwanza, na majibu yao yanatufaa hata sisi.

Tuanzie Madina. Katika Sunan ya Abu Daud imo hadithi ya sahaba Rafi bin Sinan. Yeye alisilimu, mkewe akakataa. Baina yao palikuwa na binti mdogo, ndio kwanza ameachishwa ziwa au yu karibu kuachishwa. Mama akasema: binti yangu. Baba naye akasema: binti yangu. Mtume (S.A.W.) akamwambia baba akae upande mmoja, mama akae upande wa pili, mtoto akawekwa katikati, na wazazi wakaambiwa wamwite. Mtoto akaelemea kwa mama. Mtume akamuombea uongofu, mtoto akageuka akaenda kwa baba yake, na baba akamchukua.

Wanazuoni wamejadiliana sana juu ya hukumu inayotoka katika kisa hiki. Mimi leo namtazama yule mtoto tu. Amekaa katikati, watu wawili anaowapenda wanamwita kwa wakati mmoja. Wengi wetu tuliolelewa na mzazi mmoja tunaijua nafasi ile.

Kisa cha pili kimo katika Muwatta ya Imam Malik. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alikuwa na mke wa Kiansari, akamzalia mtoto wa kiume, Asim, kisha wakaachana. Siku moja Umar alikwenda Quba, nje kidogo ya mji wa Madina wa wakati ule, akamkuta mwanawe anacheza kwenye uwanja wa msikiti. Akamshika mkono, akampakia mbele yake juu ya mnyama aliyempanda. Bibi yake mtoto akamfuata, akamvutia mtoto kwake. Wakafikishana kwa Sayyidna Abubakar (R.A.), aliyekuwa Khalifa. Umar akasema ni mwanangu, na yule bibi akasema ni mwanangu. Abubakar akamwambia Umar amuache mtoto kwa bibi. Umar hakujibu neno.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kuonyesha haki ya mama na bibi katika ulezi, na ni kweli. Lakini tusimsahau baba. Mtu mwenye haiba ya Umar alimuona mwanawe anacheza, akashindwa kujizuia. Kumkuta mtoto wako njiani kwa bahati si sawa na kuwa na siku yake. Na aliposhindwa mbele ya Khalifa, alinyamaza. Hakumsusa mtoto, wala hakuanzisha uhasama na wakwe. Asim akakua, na katika kizazi cha binti yake akatoka Umar bin Abdulaziz, khalifa ambaye hadi leo anatajwa kwa uadilifu.

Sasa tumtazame mtoto wa kike ambaye kisa chake ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Ni Umama, mjukuu wa Mtume (S.A.W.). Mama yake ni Bi Zainab, binti mkubwa wa Mtume. Baba yake ni Abul-As bin Rabi, mtoto wa dada yake Bi Khadija. Bi Zainab alisilimu, mumewe akabaki katika dini ya wazee wake. Katika vita vya Badri, mwaka wa 2 Hijria, Abul-As alikuwa upande wa Makureshi, akatekwa. Bi Zainab akapeleka mkufu aliopewa na marehemu mama yake ili amkomboe. Mtume alipouona mkufu ule wa Bi Khadija moyo wake ulilainika, akawaomba masahaba wamuachie mateka na kumrejeshea Zainab mkufu wake. Abul-As akaahidi kwamba atamruhusu Bi Zainab aende Madina, na ahadi akaitimiza.

Hivyo baba akabaki Makka na mama akawa Madina. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume alisali huku amembeba Umama. Akisujudu humuweka chini, akisimama humbeba tena. Babu hakuona haya kubeba mtoto wa binti yake mbele ya jamaa waliosali nyuma yake.

Mwaka wa 6 Hijria, kwa mapokezi ya wanasira wengi, msafara wa Abul-As ulikamatwa na Waislamu. Yeye akaponyoka, akaingia Madina usiku, akagonga mlango wa Bi Zainab kuomba himaya. Wakati wa sala ya alfajiri, Bi Zainab akatangaza kutoka safu za wanawake kwamba amempa Abul-As himaya. Mtume akaikubali, akamwambia binti yake amkirimu mgeni wake, lakini asimkaribie kama mume. Angalieni mizani hiyo. Mpaka wa sharia ukabaki palepale, na heshima ya baba wa mtoto nayo ikabaki palepale. Muda si mrefu Abul-As alirudisha amana za watu Makka, akasilimu, akarudi kwa familia yake. Mtume alimsifu hadharani kwamba alisema naye akasema kweli, akaahidi akatekeleza.

Bi Zainab alifariki mwaka wa 8 Hijria. Abul-As naye akafariki mwaka wa 12. Kabla ya kufa, jambo alilolishughulikia ni binti yake. Alimuusia Zubeir bin Awwam, ndugu yake upande wa mama, amsimamie Umama. Zubeir ndiye aliyemuozesha Umama kwa Sayyidna Ali, baada ya kufariki Bi Fatma. Baba aliyetengana na bintiye kwa miaka mizima ndiye aliyempangia walii wa kusimama mahali pake.

Visa hivi na vyenginevyo ndivyo mafakihi walivyovitumia walipoandika hukumu za ulezi. Hapa kwetu Unguja na Pemba wengi wetu ni wa madhehebu ya Shafi, na mashekhe zetu wamekisomesha sana kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Nawawi anasema kwamba mtoto mdogo hulelewa na mama. Akifika umri wa kupambanua mambo, unaokadiriwa kuwa miaka 7, huchaguzwa baina ya wazazi. Mtoto wa kiume akimchagua mama, hulala kwa mama na mchana huwa na baba, ampeleke chuoni na amtie kazini. Mtoto wa kike akimchagua mama, hukaa kwa mama usiku na mchana, na baba humzuru kwa ada.

Kwa ada. Maneno mawili tu, lakini yamebeba mengi. Imam hakuandika saa wala siku. Aliwaachia watu wa kila mji wafuate mazoea yao mema. Waliofafanua kitabu chake wakaongeza kwamba mzazi anayekuja kuzuru asizuiwe kuingia, naye asikae kupita kiasi, na kama mwenye nyumba hataki aingie, basi mtoto atolewe nje wakaonane. Yaani hata pale nyoyo zilipochafuka, fikihi haikumruhusu mtu kumficha mtoto.

Nasi tukumbuke kwamba edda ikishakwisha, mtalaka wako ni ajnabi. Hamkai faragha. Bibi awepo, au kaka yako, au mkutane barazani mbele za watu. Stara haijawahi kuwa kizuizi cha mtoto kumuona babake.

Ada ya nyumbani kwetu ilikuwa Ijumaa. Wazazi wangu waliachana nikiwa na miaka minne. Alhamisi usiku mama ananisuka nywele. Ijumaa baada ya sala baba anakuja, anakaa barazani, bibi anamletea kahawa, kisha tunakwenda zetu Forodhani. Kabla ya magharibi nimesharudishwa. Kuna Ijumaa hakuja. Nilikaa barazani na gauni langu mpaka taa zikawashwa. Mama alikuwa na mengi ya kusema siku ile, sasa nayajua. Alichosema ni kimoja: "Baba yako ameshughulika, wiki ijayo atakuja." Wiki iliyofuata alikuja. Lau mama angemwaga yaliyokuwa moyoni mwake, sijui kama ningetoka barazani kumpokea.

Elimu hii zamani ilikuwa kwa wenye kujua Kiarabu. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912, akawa kadhi hapa Zanzibar na baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya, ni mmoja wa waliotuandikia mambo ya ndoa na talaka kwa Kiswahili chepesi, hata mama wa nyumbani akaweza kujisomea haki zake. Mwaka 2011 Zanzibar ikapitisha Sheria ya Mtoto, inayotaka maslahi ya mtoto yatangulie katika kila uamuzi unaomhusu. Sheria hiyo ilipata tuzo ya kimataifa mwaka 2015. Lakini hakuna kadhi wala hakimu anayeweza kumvalisha mtoto gauni la Ijumaa. Hilo ni letu.

Kwa hiyo, dada yangu uliyeachika, nafaka idai kwa kadhi kama hailetwi. Ni haki ya mtoto, na baba hana udhuru wa kuikwepa ikiwa anao uwezo. Lakini usiifanye nafaka kuwa kiingilio cha kumuona mwanawe. Qur'an, katika Surat Al-Baqara aya ya 233, imekataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake, na baba kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake. Pande zote mbili zimetajwa. Ikiwa baba ni mtu wa kumdhuru mtoto kweli, hilo lifikishwe kunakohusika, na ziara iwe chini ya macho ya watu wazima. Ikiwa kosa lake ni kukuudhi wewe tu, mwachie siku yake. Tena usiwasahau bibi mzaa baba na mashangazi. Talaka imevunja ndoa, haikuvunja udugu wao na mtoto.

Nawe bi harusi mtarajiwa ambaye baba yako umemkosa miaka, ujue kwamba kulelewa na mama hakukuondoa uwalii wake. Siku ya nikaha yeye ndiye wa mwanzo kutafutwa. Nimewaona maharusi wanaoanza kutafuta namba ya simu ya baba wiki moja kabla ya ndoa, na machozi yanayotoka hapo si ya furaha. Anza mapema. Mpigie kumsalimia, bila ya haja yoyote.

Baba yangu aliniozesha mwenyewe. Alishika mkono wa mume wangu msikitini, akataja jina langu. Siku hiyo nayo ilikuwa Ijumaa.

Allah atuunganishie udugu wetu, na awarehemu wazazi wetu waliotangulia. Amin.