Bonde Lililofundishwa Mara Mbili

Kutoka kwenye genge la Manga, Nyamira, magharibi mwa Kenya, mtu huona wazi jinsi ardhi ya Gusii ilivyogawanywa. Mashamba ni membamba na marefu. Huanzia barabarani, juu ya mgongo wa kilima, yakateremka kupitia boma, migomba, mahindi na majanichai, yakafika kwenye nyasi za napia za ng'ombe, halafu mikaratusi, na chini kabisa maji. Ukoo uliokuwa na kilima ulikuwa pia na kijito chake. Wapimaji wa ardhi walipokuja katika miaka ya 1960 na 1970, waliufuata utaratibu huo, kila mwana apate juu pa kujenga na chini pa kunywesha mifugo. Ulikuwa uamuzi wa haki. Ila kwa haki hiyohiyo kinamasi kilichokuwa cha wote kilikatwa vipande vingi, kila kipande kikapata mwenyewe, na kila mwenyewe akapata hatimiliki ya serikali inayomwambia kwamba matope yale ni yake.

Tangu hapo, yeyote anayekuja Kisii au Nyamira kufundisha habari za maji hukutana na hatimiliki hiyo.

Mvua si tatizo la eneo hili. Hunyesha misimu miwili, na sehemu nyingi hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Mto Gucha huanzia kwenye vilima vya Kiabonyoru huko Nyamira, hupita Kisii, na ukifika Migori huitwa Kuja, kabla ya kuingia Ziwa Victoria huko Nyatike. Upande wa kaskazini maji huelekea Sondu, mto unaozungusha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu. Kati ya kilima na kilima kuna mabonde ambayo zamani yalikuwa chepechepe mwaka mzima. Sironga na Kianginda huko Nyamira ndiyo yanayotajwa zaidi. Mafunjo na matete yalipunguza kasi ya maji ya mvua, tope likatulia, na maji yakazama ardhini kidogo kidogo, yakaja kutokea kwenye chemchemi wakati wa kiangazi. Korongo mwenye taji alitaga humo.

Zamani watu walikuwa wachache na bonde lilikuwa malisho ya kiangazi na mahali pa kukata nyasi za kuezeka. Vijana walilala kwenye ebisarate, kambi za ng'ombe, wakilinda mifugo. Waingereza walifungua kituo chao Kisii mwaka 1907, na muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakazivunja kambi hizo. Watu wakatulia kwenye vilima, wakalima zaidi na kuchunga kidogo.

Hapo ndipo somo la kwanza lilipoanza kufundishwa, nalo lilikuwa rahisi kueleweka: kinamasi ni ardhi iliyolala bure, tena ni makao ya mbu. Mkaratusi ulikuwa umeletwa Kenya mwaka 1902 ili ulishe kuni injini za reli ya Uganda, na kwenye vinamasi uwezo wake wa kunywa maji mengi ulihesabiwa kuwa faida. Waliobaki na bonde lenye matope waliambiwa wapande mti huo. Abagusii, wenyeji wa hapa, waliuita omoringamu na wakaupenda, kwa sababu hukua haraka, hunyooka, na ukiukata huchipuka tena bila kuombwa.

Pesa nazo zilisukuma mambo. Kisii ilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza ambako Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa, katika miaka ya 1930. Mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni wa mwaka 1954, uitwao Mpango wa Swynnerton, ukafungua mlango kwa pareto na majanichai, ukahimiza na hatimiliki. Mazao ya biashara yakachukua miteremko mizuri. Mahindi, mboga na ng'ombe vikahamishiwa chini, na chini kulikuwa na kinamasi.

Baada ya uhuru somo halikubadilika, mwalimu tu ndiye aliyebadilika. Mamlaka ya Ustawi wa Bonde la Ziwa Victoria, LBDA, iliundwa mwaka 1979, na katika miaka ya 1980 Uholanzi ikasaidia mpango wa kuendeleza mabonde ya Kisii, wakati Nyamira ikiwa bado sehemu ya wilaya hiyo. Maafisa wa kilimo wa nyanjani walishuka na wakulima hadi kwenye matope. Walichimba mtaro mkubwa wa kati na mitaro midogo ya pembeni, wakainua matuta, wakapanda sukuma wiki, kabeji, nyanya na vitunguu. Huu haukuwa upumbavu. Wilaya ilikuwa na watu takriban 870,000 katika sensa ya 1979, na tumbo halisubiri. Soko la Daraja Mbili mjini Kisii na lile la Keroka yalijaa mboga za bondeni hata Januari, mlimani kukiwa kukavu. Mwalimu gani wa uhifadhi amewahi kupata matokeo ya haraka namna hiyo?

Nasema hivi kwa sababu taarifa nyingi za siku hizi humlaumu mkulima wa Gusii kwa kukosa elimu. Alifundishwa vizuri sana. Alichofundishwa kilimlipa ndani ya miezi mitatu, akakishika.

Somo la pili lilikuja polepole na kwa lugha ya mbali. Mkataba wa kulinda ardhioevu ulitiwa saini huko Ramsar, Iran, tarehe 2 Februari 1971. Kenya ilijiunga mwaka 1990, ikaanza kwa kuorodhesha Ziwa Nakuru. Julai 1991 wataalamu walikutana katika Makumbusho ya Kitaifa jijini Nairobi kujadili vinamasi vya nchi nzima, na mabonde yaliyokaushwa yakawekwa kwenye hesabu ya hasara. Mradi wa mazingira wa Ziwa Victoria, LVEMP, ulianza mwaka 1997, ukaeleza kwamba tope linaloingia ziwani limetoka mashambani juu. Sheria ya mazingira, EMCA, ikapitishwa mwaka 1999, ikazaa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira.

Mwaka wa kukumbukwa ni 2009. Kanuni za kusimamia ardhioevu na kingo za mito zilichapishwa. John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, aliagiza mikaratusi ing'olewe kando ya vyanzo vya maji. Shirika la Huduma za Misitu, KFS, likatoa mwongozo wa kupanda mti huohuo shambani bila kuusogeza majini. Mwaka mmoja, sauti tatu. Machifu wa Kisii na Nyamira, ambao sheria yao ya zamani tayari iliwapa mamlaka ya kuzuia uchafuzi wa vijito, walitangaza agizo barazani. Baadhi ya miti ilikatwa. Mingi ilichipuka.

Kwa nini? Chukua shamba la kawaida la siku hizi, upana wa mita 20, urefu wa mita 100 kutoka barabarani hadi mtoni. Ni nusu ekari hivi, na juu yake wanaishi baba, wana wawili na wake zao. Kanuni za 2009 zilisema ukingo uachwe kati ya mita 6 na mita 30 kutoka pale mafuriko makubwa yalipowahi kufika. Ukichukua mita 30, familia imepoteza karibu theluthi moja ya ardhi yake, na ndiyo theluthi yenye unyevu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ina zaidi ya watu 900 katika kila kilomita ya mraba.

Kipimo chenyewe nacho kilileta mkanganyiko. Kanuni za kilimo za mwaka 1965 zilikataza kulima ndani ya mita 2 tu za kijito chembamba. Kanuni za maji za 2007 zilianzia mita 6. Kwa hiyo afisa wa kilimo, afisa wa maji na afisa wa mazingira wangeweza kufika shamba moja wiki moja, kila mmoja na futi yake. Mkulima angemsikiliza yupi? Alimsikiliza mnunuzi wa nguzo za umeme. Alisikiliza pia viwanda vya chai, kuanzia Kebirigo na Nyankoba hadi Kiamokama na Ogembo, ambavyo hukausha majani kwa moto wa kuni na haviulizi mti umetoka mlimani au bondeni.

Kisha kuna matofali. Hii ni kazi ya vijana wasio na shamba la kutosha, na inafaa kutazamwa kwa karibu kabla ya kuhukumiwa. Nyasi za juu huondolewa kwa jembe. Udongo wa mfinyanzi huchimbwa, humwagiwa maji ya mtaro na kukanyagwa kwa miguu hadi ulainike. Hujazwa kwenye kisanduku cha mbao, hupigwa, husawazishwa kwa mkono, na tofali huwekwa chini likauke chini ya nyasi lisije likapasuka. Matofali yakikauka hupangwa kuwa tanuri lenye matundu chini, hupakwa tope nje, na huchomwa kwa magogo ya mikaratusi usiku na mchana. Matofali hayo yamejenga shule, makanisa na maduka ya Gusii. Baada ya kazi hubaki shimo, mvua ikinyesha hujaa maji, na hakuna mtaro wa kuyatoa.

Mashimo hayo yalirudisha tatizo ambalo ukaushaji ulidaiwa kulimaliza. Malaria ya nyanda za juu imewasumbua watu wa Kisii kwa muda mrefu, na watafiti wa eneo hilo walikuta viluwiluwi vya mbu wa malaria kwenye maji yaliyotuama mahali ambapo binadamu amechimba: mashimo ya matofali, mitaro iliyoziba, vidimbwi vya samaki vilivyoachwa. Kinamasi chenye mafunjo mazito huwa na kivuli; mbu huyo anapenda kidimbwi kidogo chenye jua. Mwaka 2007 watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Kisii ya Kati. Walirudisha samaki wa ngege kwenye vidimbwi vilivyotelekezwa, na viluwiluwi vya mbu wa malaria vikapungua kwa zaidi ya asilimia 94. Familia ilipata kitoweo na mbu wachache kwa mpigo mmoja. Serikali ilipoanzisha mpango wa kuchimba vidimbwi 200 katika kila eneobunge lililochaguliwa, mwaka 2009, Gusii iliupokea kwa mikono miwili.

Mjini hali ni ya aibu zaidi, na huko hakuna kisingizio cha shamba dogo. Mto Nyakomisaro unaopita mji wa Kisii umegeuziwa mgongo na majumba, na hupokea taka za soko na maji machafu kabla ya kwenda kuungana na Riana. Wenye majumba hayo wamesoma.

Elimu ipi basi imeshika? Ile ya chemchemi. Miradi ya maji vijijini ya Nyanza, kanisa, vikundi vya akina mama na baadaye vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji vilivyotokana na Sheria ya Maji ya 2002 vilifanya kazi isiyo na kelele. Jicho la maji huchimbwa hadi mahali yanapotokea, huwekwa mawe na kokoto, ukuta wa zege hujengwa, bomba huchomekwa, na juu yake eneo hupigwa uzio na kupandwa nyasi. Aliyekuwa akichota kwa kibuyu kwenye tope, pamoja na ng'ombe, sasa huweka ndoo chini ya bomba. Kiangazi kikija na bomba likapunguza maji, kila mchotaji huinua macho kutazama miti ya nani imesimama juu ya chemchemi. Hapo mkutano huitishwa bila chifu, na nimeona mikaratusi mingi zaidi ikianguka kwa mikutano ya namna hiyo kuliko kwa agizo la waziri. Redio za Ekegusii, Egesa FM miongoni mwao, zimesaidia kwa kuwaacha wasikilizaji wenyewe wabishane hewani.

Tatizo ni kwamba chemchemi ina wenyewe wanaoonana, na mto hauna. Anayechimba matofali Nyamira hamjui mkulima wa Nyatike ambaye Kuja humvamia mvua zikizidi, wala huyo wa Nyatike haketi kwenye baraza la Nyamira. Miaka mingi imezungumzwa habari ya bwawa la Bonyunyu la kuhudumia miji ya kaunti zote mbili. Ni vyema kuzungumza, lakini bwawa lililo chini ya mabonde yaliyokaushwa litajaa tope.

Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya kuhifadhi udongo na maji. Kisii na Nyamira zinapakana kwenye vijito vilevile, kwa hiyo zikae pamoja, zichague kipimo kimoja cha ukingo, zikiweke kwa vigingi vinavyoonekana, na zimlipe mwenye shamba kwa kile anachoachia: miche ya mianzi na miti ya kienyeji, vifaranga vya samaki, au punguzo la ada. Viwanda vya chai vidai kuonyeshwa kuni zimekatwa wapi kabla ya kuzinunua. Nawe uliye na kipande chako bondeni, kabla mvua ndefu hazijaanza, hesabu mikaratusi iliyo kati ya boma lako na maji. Ile iliyo juu mlimani iache ikulipie karo. Ile iliyosimama majini ikate, ung'oe na visiki.