Geji ya Mnyumbuko: Kifaa Kisichopima Mkazo

Lori likipanda mizani ya barabarani, iwe Vigwaza au Mariakani, dereva hungojea tarakimu. Zikivuka tani 56, kikomo cha juu kabisa katika sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, safari imeingia dosari. Tarakimu zile, katika mizani nyingi za kisasa, hutokana na vipande vya chuma vilivyo chini ya jukwaa, ambavyo hubonyea au kupinda kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Kinachohisi kubonyea huko ni kijikaratasi chenye uzi wa metali, kidogo kuliko ukucha, kilichogandishwa kwa gundi juu ya chuma. Karakana hukiita strein geji. Jina la Kiswahili linalokuja haraka mdomoni ni "kipimamkazo", nami nalikataa, kwa sababu kifaa hiki hakijapima mkazo hata siku moja.

Mkazo ni nguvu iliyogawanywa kwa eneo inalolibeba. Chukua fimbo ya chuma ambayo eneo la mkato wake ni milimita za mraba 100, uivute kwa nguvu ya nyutoni 20,000, yaani karibu uzito wa tani mbili. Mkazo ndani yake ni nyutoni 200 kwa kila milimita ya mraba, au megapaskali 200. Hiyo nguvu imejificha ndani ya metali. Hakuna pa kuishika wala pa kuitazama. Kinachojitokeza nje ni urefu. Kila mita ya fimbo imeongezeka milimita moja, na uwiano huo, moja kwa elfu, ndio ambao Waingereza huuita strein. Hauna kipimo cha mita wala cha kilo. Ni urefu kwa urefu. Kwa kuwa ni mdogo, wahandisi huuhesabu kwa sehemu za milioni: hapa ni 1,000 kwa milioni.

Robert Hooke alitangaza mwaka 1678 kwamba kurefuka hufuata nguvu. Waliomfuata wakaweka namba: moduli ya Young, ambayo kwa chuma cha pua na cha ujenzi ni takriban megapaskali 200,000, na kwa alumini takriban 70,000. Zidisha strein kwa moduli, unapata mkazo. Sasa gandisha kifaa kilekile juu ya chuma, kingine cha aina hiyohiyo juu ya alumini, na vyote visome 1,000 kwa milioni. Chuma kimebeba megapaskali 200, alumini 70. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba alichonacho ni kipimamkazo atatarajia jibu moja, na hatajua kwamba kulikuwa na hesabu katikati. Na hesabu yenyewe ina masharti: ujue ni metali gani, na metali hiyo iwe haijavuka kikomo cha kurudi katika umbo lake.

Kwa hiyo tunahitaji neno la strein kabla ya neno la kifaa. "Mkazo" limeshajipatia nafasi yake, ingawa walimu wa sarufi nao wanalitumia kwa silabi inayotamkwa kwa nguvu. Hilo halina ugomvi. "Mtanuko" ni wa joto, tena husema kukua tu, ilhali strein ni kurefuka na kufupika vilevile. Mimi nachagua mnyumbuko, kutoka kunyumbuka. Najua wapo wanaolitumia neno hilo kwa sifa ya metali kurudi katika umbo lake ikiachiwa. Ila Kiswahili kimeshatutenganishia njia. Sifa ambayo kitu kinayo hata kikiwa kimelala stoo hupenda kuchukua u- mwanzoni na -fu au -vu mwishoni: ukavu, ulegevu, unyumbufu. Jambo linalokipata kitu huchukua m- na -o: mpasuko, mtetemo, mkazo, mnyumbuko. Chuma kina unyumbufu siku zote; mnyumbuko hukipata kinapobebeshwa mzigo.

Na kifaa? Kipimamnyumbuko ni sahihi, lakini kinachosha ulimi. Geji tunayo tayari, ya mafuta kwenye dashibodi na ya upepo kwa fundi wa matairi. Basi iwe geji ya mnyumbuko.

Jinsi inavyofanya kazi ilijulikana zamani kuliko kifaa chenyewe. Mwaka 1856 William Thomson, ambaye baadaye alikuja kuitwa Lord Kelvin, alieleza kwamba waya wa shaba na waya wa chuma ukivutwa, ukinzani wake wa umeme huongezeka, tena si kwa kiwango sawa. Sehemu ya sababu ni umbo: waya uliovutwa ni mrefu zaidi na mwembamba zaidi, umeme unapita kwa taabu. Sehemu nyingine iko ndani ya metali yenyewe. Ilipita zaidi ya miaka 80 kabla ya mtu kuigeuza habari hiyo kuwa chombo, na walipojitokeza walijitokeza wawili, kila mmoja bila kumjua mwenzake, mwaka 1938: Edward Simmons huko Caltech, California, na Arthur Ruge huko MIT, Massachusetts. Ruge alikuwa akichunguza jinsi matangi ya maji yaliyoinuliwa juu ya nguzo yatakavyostahimili tetemeko la ardhi. Kielelezo chake cha tangi kilikuwa na kuta nyembamba kiasi kwamba chombo chochote cha wakati ule, kikifungwa pale, kingebadilisha kile kinachopimwa. Akagandisha waya mwembamba moja kwa moja ukutani. Chuo kiliona ugunduzi huo hauna uzito mkubwa kibiashara, kikamwachia haki zake. Geji hizo ziliuzwa kwa jina SR-4, S ya Simmons na R ya Ruge. Mwaka 1952 Peter Jackson wa kampuni ya Saunders-Roe, katika kisiwa cha Wight, Uingereza, aliacha waya akatumia foili iliyochongwa kwa kemikali, kama zinavyotengenezwa saketi za kuchapwa. Geji nyingi za leo ni watoto wa foili hiyo.

Foili huwa ni konstantani, mchanganyiko wa shaba na nikeli. Ukinzani wake hubadilika kwa takriban mara mbili ya mnyumbuko; namba hiyo ya mbili naiita kizidishi cha geji. Geji ya kawaida ina omu 120. Kwa mnyumbuko wetu wa 1,000 kwa milioni, ukinzani unaongezeka kwa 0.24 ya omu tu. Multimita ya fundi umeme haiaminiki kwa tofauti ndogo hivyo, na nyaya za kuunganishia zenyewe zikipigwa jua zinaweza kuleta badiliko linalokaribia hilo. Ndiyo maana geji huwekwa katika daraja la Wheatstone, saketi ya vikinza vinne ambayo Samuel Hunter Christie aliieleza mwaka 1833 na Charles Wheatstone akaipa umaarufu mwaka 1843. Daraja likiwa sawa, halitoi kitu. Geji ikibadilika, usawa huvunjika: kwa chanzo cha volti 5 na geji moja, tofauti inayotoka ni milivolti 2.5, ambayo hukuzwa na kipaza mawimbi hadi isomeke.

Joto ndilo linaloniridhisha zaidi kwamba "kipimamkazo" ni jina la uongo. Chuma hukua takriban sehemu 12 za milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Boriti iliyo huru, ikipata nyuzi 10 kati ya asubuhi na adhuhuri, hurefuka kwa 120 kwa milioni, na mkazo ndani yake ni sifuri. Mnyumbuko upo, mkazo haupo. Geuza upande wa pili: reli iliyolehemiwa kuwa kipande kimoja kirefu na kubanwa isisogee. Ikipata joto la nyuzi 20, urefu wake haubadiliki, lakini ndani imegandamizwa kwa karibu megapaskali 48. Mtaalamu huzuia joto lisimdanganye kwa kutumia foili iliyolinganishwa na metali ya chini yake, au kwa kuweka geji ya pili juu ya kipande cha chuma kilekile kisichobeba mzigo, kando ya ile ya kwanza, ili joto la pande mbili lifutane darajani.

Yote hayo hayana maana kama gundi ni mbovu. Rangi hutolewa, chuma husuguliwa kwa msasa, hufutwa mafuta, mstari wa mwelekeo huchorwa, kisha geji hushikizwa kwa gundi ya aina ya supagluu na kubanwa kwa kidole gumba kama dakika moja. Halafu nyaya hulehemiwa na unyevu huzuiwa. Geji iliyoshika vibaya hueleza habari za gundi, si za chuma.

Mfano wa kazi yake ambao sichoki kuusimulia ni wa ndege ya Comet. Ile yenye namba G-ALYP, iliyobeba abiria wa kwanza wa ndege ya jeti kutoka London hadi Johannesburg mwezi Mei 1952, ikipitia Entebbe, ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba Januari 1954. Nyingine ikafuata Aprili. Huko Farnborough, Uingereza, kiwiliwili cha Comet kiliwekwa ndani ya tangi la maji na kupandishwa na kushushwa presha tena na tena hadi kilipopasuka kwenye kona ya dirisha. Geji zilizogandishwa karibu na kona za madirisha zilionyesha kwamba mkazo pale ulikuwa mkubwa kuliko wastani ambao wabunifu waliutegemea. Waliozisoma walipata minyumbuko; mkazo waliukokotoa kwa moduli ya alumini.

Kuukokotoa penyewe si kuzidisha tu. Geji huhisi upande mmoja, ule wa nyuzi zake, na metali ikirefuka huku husinyaa kule. Bati la chuma lililovutwa pande mbili sawasawa, likisoma 1,000 kwa milioni kila upande, lina megapaskali karibu 286, si 200. Usipojua mvuto umeelekea wapi, unaweka geji tatu pamoja kwa pembe tofauti na kutafuta mwelekeo kwa hesabu. Waingereza huziita kwa jina linalotokana na ua. "Waridi" halinivutii, maana hakuna anayeona ua pale. Kwa sasa naandika "geji ya pande tatu", na mwenye neno bora alilete.